Mkilua Baridi wa Mama Lindiwe

Niliondoka Makete mwaka 1994 nikiwa juu ya lori la mbao, nimevaa koti la babu. Koti hilo babu alirudi nalo kutoka Joni, maana ndivyo wazee wa kwetu walivyoiita Johannesburg, alikokwenda ujanani kuchimba dhahabu. Lilikuwa zito kama kondoo aliyenyeshewa. Nilimwambia mama kwamba sitalihitaji. Akanitazama.

"Babu yako alirudi na koti, hakurudi na dhahabu," alisema. "Hapo ujue kule kuna nini kwa wingi."

Mbeya nilipanda treni hadi Kapiri Mposhi. Lusaka nilikaa miezi kadhaa nikibeba matofali, Harare nikakaa mingine nikipakia kabichi sokoni, kisha nikavuka Limpopo na dereva wa lori aliyeimba nyimbo za kanisani mpaka sauti ikamkauka. Nyuma ya lori tulikuwa wanne, na wenzangu wote walikuwa watu wa pwani. Alitushusha Johannesburg, mtaa wa Malvern, Jules Street, alfajiri moja ya majira ya baridi. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa nyeupe. Mwenzangu mmoja akasema kuna gunia la chumvi limepasuka. Mimi niliinama nikazigusa, nikacheka peke yangu. Ulikuwa umande ulioganda, ule ule niliokuwa nikiukanyaga pekupeku nikichunga kondoo. Nilikuwa nimevuka mipaka yote ile kuufuata.

Ninyi mnaobaki pale kitaluni mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo sitavieleza, kwa sababu vilikuwa viwili tu: mwenye kitalu, na sisi wengine. Nitaandika nilivyoingia, niliyofundishwa, na habari ya mti mmoja ambao baadhi yenu mmeusikia nusu nusu, tena mkausimulia vibaya.

Kitalu cha miche na maua kilikuwa mtaa wa Bezuidenhout Valley, na mwenyewe alikuwa mzee Avelino, Mreno wa kisiwa cha Madeira. Siku niliyopita getini, nje kulikuwa na vyungu vya ua jekundu lenye ncha ya manjano, refu kama mwenge. Kwetu Makete ua lile huota lenyewe mabondeni. Niliposoma kwenye kibao kwamba linauzwa, nikacheka kwa sauti. Mtu mmoja mnene, mwenye kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, akainuka kutoka katikati ya vyungu.

"Unacheka nini?"

"Haya maua. Kwetu watoto huyafyonza asali. Hapa mnayauza?"

"Kwenu kuna baridi?"

"Kunaganda."

"Basi shika sepetu," alisema.

Huyo ndiye Ntate Mokoena. Ntate ni "baba" kwa Kisotho, na hata mzee Avelino aliyemwajiri alimwita hivyo. Alitoka milimani, karibu na Lesotho, na tulielewana kwa Kiingereza cha polepole, kila mmoja akikanyaga maneno kama mawe ya mtoni.

Siku yangu ya kwanza hakunionyesha mmea hata mmoja. Alinipeleka asubuhi mapema upande wa chini wa kitalu, akaniambia nivue glavu niweke kiganja ardhini. Kisha tukapanda hadi juu, kwenye ukuta wa ofisi, nikaweka tena. Kwa juu paliumiza kidogo. Kwa chini sikuweza kuvumilia.

"Baridi ni maji," alisema. "Inateremka, inatuama. Watu wa Troyeville wako juu kwenye mteremko, wanaweza kucheza. Sisi huku bondeni tumekaa kwenye bwawa la baridi. Mteja akija, usimuulize anapenda ua gani. Muulize anakaa wapi, na jua la asubuhi linaingilia upande gani."

Hilo la jua la asubuhi lilinichukua muda kulielewa. Baridi peke yake haiuui mmea uliozaliwa kwa baridi. Kinachouumiza ni jua kuupiga ghafla tumba likiwa bado limeganda. Kamelia ukiipanda upande wa mashariki, matumba yake yatababuka na kuwa kahawia kabla hayajafunguka. Ihamishie nyuma ya ukuta, ipate jua la mchana, na itachanua kama haijui kilichotokea. Tena msisahau maji. Johannesburg majira ya baridi hakuna mvua, na mimea mingi inayosemekana kufa kwa baridi imekufa kwa kiu. Mwagilieni asubuhi jua likishapanda, kamwe si jioni. Na nailoni msifunikie. Ikigusa jani, jani limekwisha. Gunia ndilo blanketi.

Mzee Avelino hakupenda kuuza kile ambacho kila mtu anauza. Mawaridi aliyaita "maua ya benki." Alitaka vitu vya ajabu vinavyostahimili: ua linaloinamisha uso chini kama mkwe, mti wa Kijapani wenye majani mekundu kama maji ya mchicha, mgomba unaokufa hadi chini kila baridi na kufufuka. Mgomba huo nilimuuzia askari mmoja wa ulinzi, Mrundi wa Malvern. Mwezi wa saba alirudi amekasirika kwamba umeoza. Nikamwambia asubiri. Mwezi wa kumi akarudi anatabasamu.

"Imerudi! Sasa itazaa lini?"

"Hauzai."

"Haizai? Basi ni mgomba wa kufanya nini?"

"Wa kutazama."

"Haya," alisema. "Mke wangu ataitazama. Amekumbuka nyumbani sana." Akanunua wa pili.

Sasa nije kwa mama Lindiwe.

Alikuja mwaka 1995, katikati ya baridi, amejifunga kanga juu ya koti. Alikuwa mtu wa Pangani. Mumewe alikuwa mmoja wa Waafrika Kusini walioishi Morogoro miaka ya ukimbizi, wakaoana huko, na nchi yao ilipofunguka akamleta kwao, mtaa wa Bertrams, na binti yao Lindiwe, aliyekuja akiwa bado mdogo na ambaye sasa alikuwa na miaka kumi. Walikaa nyumba moja na mama mkwe, ambaye sote tulimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Mama Lindiwe alikuwa na Kiswahili cha kwao, kilichonyooka, na hakumwachia mtu kosa hata moja.

"Kaka, nasikia wewe Mtanzania."

"Ndiyo, wa Makete."

"Huko nako ni Tanzania?" akasema. "Haya. Nataka asumini."

Nikamwambia asumini wa pwani hauponi hapa, na ule unaopona huchanua mwezi wa nane ukielekea mwisho. Akapiga ulimi. Mwezi wa nane haumsaidii, alisema. Wifi yake alikuwa ameolewa wiki iliyopita, na katika ukoo ule harusi zote huwa mwezi wa saba, baada ya kuvuna mahindi, ingawa tangu Gogo awe msichana hakuna hata mmoja wao aliyevuna hindi.

"Bibi harusi amepita mbele yangu hanuki chochote, kaka. Kama sahani iliyooshwa! Kwetu bibi harusi hutanguliwa na harufu, yeye anafuata. Sina hata ua moja la kumfungia kikuba."

Kwa wasiojua: kikuba ni kifurushi kidogo cha maua ya kunukia, asumini, kilua, rehani, yaliyotungwa pamoja, mwanamke akakibandika kifuani au kwenye nywele. Mimi mwenyewe, mtu wa kondoo, nilifundishwa siku ile.

"Mimi nina binti mmoja," aliendelea. "Kila kitu siku hiyo kitakuwa cha kwao. Ng'ombe wao, nyimbo zao, lugha yao. Sikatai. Lakini harufu iwe yangu. Nataka hicho tu."

Nilimtafsiria Ntate. Alimwongoza mpaka pembe ya nyuma ya kitalu, kwenye kichaka cha zamani kisicho na jani hata moja. Kabla hatujakifikia, mama Lindiwe alisimama. Kwenye vijiti vile vikavu kulikuwa na maua madogo ya manjano iliyofifia, yanayopitisha mwanga kama nta, na harufu yake ilikuwa imejaa njia nzima. Alifumba macho.

"Kilua," alisema. Akanusa tena. "Hapana, si kilua. Lakini wamenyonya ziwa moja."

Kibaoni kulikuwa na jina la Kilatini lisilotamkika. Mama Lindiwe akaubatiza mkilua baridi, na ndilo jina mnalolitumia mpaka leo bila kujua limetoka wapi.

Nikasema Ntate anaweza kumchumia maua siku ikifika. Akanigeukia kama nimemtukana.

"Maua ya kuomba? Kikuba cha mwanangu kichumwe uani kwangu. Nikianza kuomba maua, kesho nitaomba chumvi."

Basi Ntate akamuuzia mche uliooteshwa kwa mbegu. Akamwonya kwamba mti huu hauna haraka, unaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza.

"Binti ana miaka kumi," nilitafsiri jibu lake.

"Basi wote watatu, mti, binti na mama, hawana haraka," alisema Ntate.

Alikwenda mwenyewe Bertrams kuchagua mahali. Alizunguka ua ule mdogo, akaweka kiganja ardhini huku na huku, na mwisho akachimba nyuma ya ukuta ambako jua la asubuhi halifiki, chini ya kamba ya nguo. Gogo alitoka na karai lake. Alitaka kujua kama mti ule unaliwa. Alipoambiwa ni wa kunusa, aliutazama, akamtazama mkwewe, kisha akaanika shuka moja kwa moja juu ya mche.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na chumba cha kupanga, na mpangaji alikuwa papa Élie, fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo. Ni mtu mwembamba, mpole, mzee wa kanisa lake, na huvua kofia hata akisalimia watoto. Watoto wa mtaa walishinda mlangoni kwake wakiokota vipande vya vitambaa, Lindiwe akiwa wa kwanza. Naye ndiye aliyekuja kuingia katika historia ya kitalu chetu kwa sababu ya neno moja.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, mama Lindiwe alipata habari kwamba baba yake amefariki. Akasafiri kwenda Pangani kumzika. Jumapili moja nilikuwa nikipita Bertrams, nikamkuta papa Élie amesimama uani na Biblia mkononi, anautazama mche.

"Ndugu, mti ya mama iko namna gani? Majani yote ilianguka."

"Umelala, papa," nilimjibu.

Akavua kofia. "Ah! Pole. Pole sana. Ililala lini?"

"Tangu mwezi wa tano. Ndiyo kawaida yake."

"Kweli," alisema akitikisa kichwa. "Ndiyo kawaida yetu wote."

Nikaendelea na safari yangu nikifikiri jinsi Wakongo walivyo na maneno mazito hata kwa jambo dogo.

Mama Lindiwe aliporudi, mche haukuwepo. Kulikuwa na kisiki kifupi kama kidole gumba, kimekatwa vizuri kwa mkasi wa kushonea, na udongo umesawazishwa kukizunguka. Nilifika mimi na Ntate tukamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bado na nguo za safari. Papa Élie alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Nimetoka kuzika baba," mama Lindiwe alisema taratibu, "na huku mmenizikia mti."

"Mama, huyu ndugu alisema imelala," papa Élie alisema. "Kanisani kwetu mtu akilala, ni kusema ameitwa na Bwana. Miye nikawaza, mama anatoka kulia juu ya baba yake, arudi tena alie juu ya mti? Nikaona niitoe mbele ya macho yako. Niliiombea kwanza."

"Uliuombea?"

"Zaburi moja. Fupi."

Mabega ya mama Lindiwe yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipojifuta na ncha ya kanga.

"Ulitaka nisione maiti mbili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Asante kwa rambirambi, papa Élie."

Ntate wakati wote huo alikuwa amepiga magoti. Alikwaruza gome la kisiki kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake palikuwa kijani kibichi. Akasema kwa lugha yake, "E robetse." Papa Élie akauliza maana yake. Hakuna aliyetaka kumwambia kwamba ni neno lile lile, "umelala."

Kwa hiyo ninyi vijana shikeni mambo mawili. Mmea usio na majani ukwaruzwe kabla haujahukumiwa; kijani kikiwepo, uachwe. Na kwa mteja msiyemjua, msiseme umelala. Semeni umepukutisha.

Mwezi wa tisa kisiki kilichipua, machipukizi mengi kama vidole vya mtoto. Lakini maua ya mkilua baridi hutoka kwenye matawi yaliyokomaa, na sasa hesabu ilikuwa imeanza upya. Mama Lindiwe alilijua hilo. Kila akimpima binti yake gauni la shule kwa papa Élie, alikuwa anautazama mti pia, kama anayelinganisha urefu.

Papa Élie alijifanya mlinzi wake. Alimhamisha Gogo na kamba yake ya nguo, kazi ambayo hata mwanawe mwenyewe hakuthubutu kuifanya. Kwa majuto akaulisha mbolea ya kuku mpaka ukawa na majani makubwa ya kuringia, na bila tumba hata moja. Kila baridi alikuja kitaluni, anasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ntate, bado?"

"Bado. Acha kuulisha. Ukishiba, utatoa maua ya nini?"

Mwaka mmoja mtu alimwambia kwamba Johannesburg kila kitu hupogolewa mwezi wa saba. Ni kweli kwa mawaridi. Kwa mkilua baridi ni kukata maua pamoja na tawi. Wenyewe hupogolewa baada tu ya kuchanua. Namshukuru Mungu kwamba safari hiyo alikuja kuuliza kwanza.

Mimi mwenyewe si mtu wa kukaa. Kabla ya Johannesburg nilikuwa nimefanya kazi kwenye chai ya Mufindi, kwenye mbao, kwenye barabara, na kila mahali niliondoka kabla hawajazoea jina langu. Hata kitaluni, kila baridi ilipoanza, nyasi za kandokando ya jiji zikiungua na moshi ukitambaa bondeni, miguu iliniwasha. Ntate alinijua. "Mfungeni huyu gunia miguuni," alikuwa akiwaambia wenzangu, "asije akapukutika." Nami nikajiambia kwamba nitaondoka mti ule wa Bertrams ukitoa ua. Nilidhani ni mwaka mmoja au miwili.

Mwaka 2003 Ntate alirudi kwao milimani. Siku ya kuaga alinipa mkasi wake wa kupogolea, ule wenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli. "Ukimwazima mtu," alisema, "mwambie mwenyewe ni mkali, hata kama niko mbali." Hatukupeana mkono muda mrefu. Alikuwa na basi la kuwahi.

Baadaye mzee Avelino aliuza sehemu ya nyuma ya kitalu, na tingatinga likang'oa kichaka cha zamani pamoja na ukuta. Niliokota kijiti nikakinusa. Kilikuwa na harufu ya udongo tu. Kwa hiyo ule wa Bertrams ukabaki peke yake, na ulikuwa haujatoa hata ua.

Mwishoni mwa mwaka 2006 wazee wa kijana mmoja wa Soweto walifika Bertrams kwa ajili ya Lindiwe. Mahari yalizungumzwa wikiendi nzima. Tarehe haikuzungumzwa, Gogo aliitangaza. Mwezi wa saba.

Mama Lindiwe alikuja kitaluni siku iliyofuata. Hakunisalimia.

"Kaka, utachanua?"

"Sijui, mama Lindiwe."

"Miaka yote hii unauza miti, hujui?"

"Ningekudanganya ungejua."

Akavuta pumzi. Tatizo halikuwa mti peke yake. Lindiwe alikuwa msichana mwenye akili na utani, lakini tangu aanze shule mama akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kizulu au Kiingereza. Alielewa kila kitu, hakutamka chochote. Na kuhusu kikuba alishasema wazi, mimi nikiwepo: "Eish, Ma. Watu watasema nanuka kama sambusa." Mama yake aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwezi wa tano mwaka 2007 majani yalipukutika. Papa Élie alinipigia simu kutoka kwenye spaza, duka dogo la jirani, anahema.

"Ndugu, kuko kitu kwenye matawi. Kama pilipili manga."

Niliacha mteja kaunta. Yalikuwa matumba. Madogo, mviringo, yamejibana kwenye kila kifundo cha tawi. Mama Lindiwe hakuyagusa. Alisimama na mikono nyuma kama mtu aliye katika nyumba ya wenyewe.

Kisha, mwishoni mwa mwezi wa sita, theluji ikaanguka Johannesburg. Nyote mnaikumbuka asubuhi ile. Watu wazima walikuwa barabarani wakirushiana, magari yamesimama mbele ya robot, yaani taa ya barabarani, ya kijani na hakuna aliyepiga honi. Mimi nilikimbia Bertrams kwa miguu, nimevaa koti la babu. Niliukuta mti haupo. Mahali pake palikuwa na kitu kikubwa cheupe kinachong'aa, na papa Élie amekikumbatia, theluji mabegani. Alikuwa ameufunika kwa satini ya gauni la harusi, mita zote, kabla hajaikata.

Aliponiona alinyoosha kiganja. "Ndugu, tafadhali. Usiseme ile neno."

"Neno gani?"

"Ile ya kulala."

Tuliifunua satini polepole. Matumba yalikuwa na kofia ndogo za theluji. Sikuyapangusa, nilimwambia tuyaache yayeyuke yenyewe, na jua la asubuhi, kwa sababu ya mahali Ntate alipochagua miaka yote ile, halikuyafikia. Karibu na adhuhuri, kwenye tawi la chini, tumba moja likafunguka. Mama Lindiwe alikuwa amekaa juu ya ndoo ile ile. Harufu ilimfikia kabla hajaliona ua. Alimshika papa Élie mkono, akaushika vizuri, na papa Élie akatazama angani kwa sababu wa pili ulikuwa na satini, na hakuwa na mkono wa kuvulia kofia.

Asubuhi ya harusi mti mzima ulikuwa umechanua. Mama Lindiwe alichuma mwenyewe, akatunga kwa sindano na uzi wa papa Élie, akachanganya na rehani kavu iliyotumwa kutoka Pangani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la maua. Lindiwe alikaa mbele ya kioo, gauni limemkaa vizuri. Mtu asingejua kwamba kitambaa kile kimewahi kupigana na theluji. Aliona kikuba mkononi mwa mama yake, akatazama pembeni. Mama akakiweka juu ya meza.

Gogo alikuwa kitandani anavaa soksi. Akanusa. Akanusa tena, akauliza kwa Kizulu ni nini kile. Mama Lindiwe akamwambia. Gogo akanyoosha mkono.

"Nami nipe."

Kulikuwa na cha ziada. Mama Lindiwe alikibandika kwenye kifua cha mama mkwe wake, na Gogo akainuka, akatoka uani na soksi moja, akapita mbele ya wageni wote polepole, harufu ikimtangulia. Tulisikia wanawake huko nje wakipiga vigelegele.

Ndipo Lindiwe akageuka kutoka kwenye kioo. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake kwa Kiswahili.

"Mama," alisema, "unifungie na yangu. Miye niko nangojea."

Mama Lindiwe aliganda na sindano mkononi. Kisha akaweka mkono kichwani.

"Ya Rabi! Miaka yote nimemsemesha Kiswahili cha Pangani, kumbe mtoto ameshika cha papa Élie!"

Alimfungia huku anacheka na machozi yanamdondokea kwenye satini, na papa Élie dirishani anamwomba asiilowanishe.

Niliondoka mwezi wa nane. Mgongo ulikuwa umeshanipa sababu, nami sikuhitaji nyingine. Kitaluni tuliagana kwa chai na mkate, mzee Avelino akaniambia nisipande mawaridi. Kisha nikapitia Bertrams na begi langu, kwa sababu maua yalikuwa yamekwisha na huo ndio wakati wa kupogoa.

Nilimkabidhi papa Élie mkasi wa Ntate. Akarudi nyuma.

"Miye? Hapana. Miye nilishaikata mara moja."

"Safari hii ndiyo yenyewe. Hapa, juu ya jicho hili. Tawi lililokwisha kuchanua tu. Na mwenye mkasi ni mkali."

Alivua kofia, akaitundika kwenye bomba la maji. Nilimwonyesha la kwanza na la pili, nikaweka begi begani. Nilikuwa nimefika kwenye kona nilipousikia mkasi ukilia kwa mara ya kwanza, na mara hiyo hiyo dirisha la jikoni likifunguliwa kwa nguvu.

"Wee papa Élie! Tena?"

Sikugeuka. Nilimsikia akijieleza, kwa haraka, kwa Kiswahili cha Uvira, na mama Lindiwe akimsahihisha neno kwa neno, mpaka nilipopinda barabara ya kituo cha basi.